Tuligawa chakula cha Ramadhani kwa ndoo hapa Amu, ndoo zikagoma kurudi

Salaam aleikum wakuu, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Leo umeme umekatika tangu asubuhi, na fundi wa friji bila umeme ni raia wa kawaida tu. Kwa hiyo nimeketi ukumbini na chaji kidogo iliyobaki kwenye simu, nikaona niwasimulie jambo lililotupata sisi watu wa sadaka hapa Amu, yaani mji wa Lamu.

Sitatia chumvi. Majina ndiyo nimeyabadilisha, maana mji wetu ni mdogo na kuna watu wa hapa wanaosoma jukwaa hili kimya kimya bila kuacha comment hata moja. Nawajua, na wao wananijua.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, tutaonana kwenye nyuzi za mpira.

Kwanza niwajulishe kikundi chetu.

Sisi hatuna ofisi wala gari, na hata tungekuwa na gari lingepita wapi kwenye vichochoro hivi. Tunakutana kwenye daka la mwenyekiti wetu, Bwana Fumo, yaani kile kibaraza cha mawe mbele ya mlango ambapo wageni huketi. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, tunapita madukani na majumbani kuchangisha. Mwenye pesa anatoa pesa, mwenye gunia la mchele anatoa gunia. Asiye na kitu hutuazima punda wake siku ya kubeba, na huyo huwa tunamshukuru kuliko wote kwa sababu magunia hayana miguu.

Tukishapata, tunagawia kwanza nyumba za hapa Amu ambazo mambo yamekaa vibaya. Halafu mwisho wa Shaabani tunafanya changizo kubwa uwanjani. Mji mzima unakuja, tunaeleza tulichofanya, watu wanachanga tena, na kinachopatikana siku hiyo kinapakiwa kwenye boti kwenda Ndau. Huko ni kisiwani ndani zaidi, wavuvi watupu, na hata kiberiti kinafika kwa boti.

Wote tunajitolea. Kuna wenyeji kama mimi, na kuna watu wa bara wanaofanya kazi hapa. Katibu wetu ni mmoja wao, nitamwita Mutua. Ni Mkamba, ameajiriwa serikalini, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini mwezi wa Rajabu ukianza tu yeye ndiye wa kwanza kutuandikia kwenye grupu: jamani mbona mmenyamaza, Ramadhani ndiyo hiyo. Mtu wa mipango. Akisema mkutano saa kumi, saa kumi unamkuta ameketi peke yake anaangalia saa.

Sasa tufike kwenye ndoo.

Mnajua Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Miaka yote tulikuwa tukifunga vitu kwenye viroba vidogo, na viroba vina tabia zake. Mwaka uliopita bahari ilichafuka kidogo tu njiani, unga wa Ndau ukafika umeshakuwa uji. Watu wa Ndau wakatupokea kwa adabu, wakatushukuru, na mmoja wao akauliza kama sukari imo humo humo au inakuja na boti nyingine. Tulicheka lakini iliuma.

Kwa hiyo mwaka huu tukapata sponsor, mwenye nyumba ya wageni kule Shela. Akatununulia ndoo. Ndoo nyeupe nzuri, kubwa, ngumu, za mfuniko wa kubana. Mutua akazibandika stika ya jina la kikundi. Mpango ulikuwa rahisi: tunajaza ndoo, tunapeleka kwenye nyumba za Amu, watu wanamimina chakula chao kwenye vyombo vyao, wanarudisha ndoo kabla ya siku ya changizo, kisha ndoo hizo hizo tunazijaza upya ziende Ndau. Unga haulowi tena, na hakuna taka.

Kwenye karatasi mpango huo hauna kasoro. Mimi mwenyewe niliupigia makofi.

Kitu kimoja tu hatukupata mwaka huu, nacho ni mafuta ya kupikia. Bei ilipanda, na kila duka tuliloomba walitupa vingine. Tukasema si neno, mchele upo, unga upo, sukari na tende zipo, mafuta mtu atajitafutia.

Tukagawa. Punda walibeba, sisi tukabisha hodi, tukaacha ndoo mlangoni na salamu. Kazi ya mizigo ikaisha kabla ya adhuhuri, tukapongezana.

Miongoni mwa nyumba nilizopeleka mimi ilikuwa ya Bi Zuhura.

Huyu mama lazima niwaeleze, maana uzi wote ni wake.

Bi Zuhura ni wa rika la mama yangu, Mungu amrehemu. Mjane. Anaishi katika nyumba ya mawe ya urithi, kubwa, mlango wa nakshi, na ukipita nje unasema humu mna watu wazima na mali zao. Ndani yuko yeye na paka. Binti yake yuko Mombasa, ana watoto wake na shida zake, hutuma anapojaliwa.

Zamani mama huyu alikuwa mpishi wa harusi. Wakuu, mimi nimekulia mtaa huu na nawaambia, harusi ambayo Bi Zuhura hakusimama juu ya masufuria yake, watu walikula na kunung'unika. Pilau yake ilikuwa ikinukia mpaka mtaa wa pili na watu wasioalikwa walikuwa wakijikumbusha undugu. Sasa vidole vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi hata kusonga ugali wa watu wawili.

Mimi nilijuaje hali yake? Friji. Kazi yangu inanifanya nifungue friji za watu, na friji haijui kudanganya. Alipoharibikiwa na lake nilikwenda kulitengeneza, nikalifungua, nikakuta chupa ya maji na ndimu. Siri ya maiti aijuaye ni mwosha, na siri ya jiko aijuaye ni fundi wa friji. Sikumwambia mtu. Nilipeleka jina lake tu kwa Bwana Fumo, naye hakuniuliza kwa nini.

Basi. Ndoo zimekwenda. Siku zikapita. Ndoo hazirudi.

Moja moja zilikuja, nyingi kimya. Mutua akaandika kwenye grupu kwa upole. Akaandika tena kwa upole kidogo kidogo. Siku ya changizo inakaribia, chakula cha Ndau kimelala kwenye magunia, na boti tumeshaizungumza.

Maneno yakaanza, si mnajua mji. Mmoja akasema ameona ndoo yetu sokoni imebebewa samaki. Mwingine akasema watu wanaziuza. Mwingine akasema ndiyo shukrani ya punda hiyo. Mimi moyoni nilianza kukubali.

Tukaitana dakani kwa Bwana Fumo. Mutua hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi. Alimwahidi yule mwenye nyumba ya wageni kwamba ndoo zitatumika miaka mingi, na siku ya changizo yule bwana atakuwa ameketi mstari wa mbele. Akapendekeza siku hiyo tutakapokuwa tunaeleza kazi yetu, zisomwe pia nyumba ambazo bado zina ndoo. Si kwa ubaya, akasema, ni ukumbusho tu. Na nyumba ambayo haikurudisha isiwekwe mwakani, kwa kuwa wapo wengine wanaongoja.

Bwana Fumo alivuta ndevu zake. Hakupenda, nilimwona. Lakini watu wangetaka habari za ndoo, kwa hiyo akasema basi, kwanza tujaribu kuzikusanya wenyewe nyumba kwa nyumba, na zitakazobaki zisomwe.

Wakuu, kwa asiyejua Amu nieleze hapa kidogo. Kusomwa uwanjani kwamba wewe unapokea sadaka, na juu ya hivyo umekaa na chombo cha watu, ni afadhali uchapwe. Mtu anaweza kulala na njaa mwaka mzima, mradi mlango wake umefungwa na hakuna ajuaye. Sisi tunaita stara. Kumvua mtu stara yake mbele ya mji hakuna mchele unaolipa.

Mimi nikapewa nyumba zile zile nilizopeleka. Nikaanza na Bi Zuhura nikidhani ndiyo rahisi.

Nikabisha hodi. Akanijibu kwa ndani. Nikaeleza. Akasema, "Kesho, mwanangu. Kesho inshaallah takuletea mwenyewe."

Kesho yake hakuleta. Nikarudi. Akaniambia kesho.

Mara ya tatu nilibisha, nikasikia kandambili zinakuja hadi karibu na mlango, zikasimama. Nikatoa salamu. Baadaye kandambili zikarudi zilikotoka.

Nitasema ukweli, nilikasirika. Nilisimama pale kichochoroni nikajisemea, mama wa heshima kama huyu, anamficha nani ndoo? Au ameiuza kweli? Mbaya zaidi nilianza kumwonea aibu, na aibu ya namna hiyo unapoionea mtu mzima inakaa kama mwiba wa samaki kooni, haishuki.

Nikamwambia mke wangu, Nuru. Akasema, wewe nenda tena, ila usibishe kama mdai. Bisha kama mtu aliyekuja kumjulia hali.

Nikaenda kesho yake asubuhi, ilikuwa imebaki siku moja tu kufika changizo. Safari hii sikutaja ndoo. Nilisema tu, Bi Zuhura, ni mimi, nimekuja kukuamkia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa amepungua. Alikuwa mwembamba siku zote, lakini sasa mifupa ya mashavu ilikuwa imetoka nje. Akasema, "Ngia, mwanangu. Nivutie mai birikani, mkono huu leo haunitii."

Nikamvutia maji kwenye birika, lile tangi la mawe la ndani ya nyumba, nikayapeleka jikoni. Na jikoni pale, pembeni ya jiko la makaa, nikaiona ndoo yetu, imefunikwa kanga.

Nilifurahi, nawaambia kweli. Nikasema alhamdulillahi, haikuuzwa. Nikaiinamia niinyanyue, nikaishika kwa mkono mmoja jinsi mtu anavyonyanyua ndoo tupu.

Haikunyanyuka.

Nikavuta kanga, nikafungua mfuniko. Mchele ulikuwa umeguswa juu juu tu. Unga haujaguswa. Sukari ilikuwa kwenye karatasi yake vile vile, na tende zimefungwa kama tulivyozifunga.

Nikamgeukia. Alikuwa amekwisha kuketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, anatazama chini.

Nikamuuliza kwa nini hakili.

"Sioni ndaa sana," akasema. "Mtu mzima hula kidogo."

Nikamwambia, Bi Zuhura, hiki ni chakula chako. Akasema anajua. Akasema hiyo haiyawa tayari. Sikuelewa. Nikamuuliza haijawa tayari nini, sisi tunataka ndoo tu.

Ndipo akaniangalia, na macho yake yalikuwa yananihurumia mimi.

"Chombo cha watu hakirudi kitupu, mwanangu. Na hiki chenu ni kikuu. Takitia nini mimi hata kiyae?"

Wakuu, mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu akiletewa bakuli la mchuzi na jirani, lile bakuli halikutoka kwetu bila kitu ndani. Visheti, ndimu, vitumbua, kama hakuna hata hivyo basi konzi ya chumvi. Sisi watoto ndio tuliokuwa tukilibeba, na tulijua kabisa kulirudisha tupu ni kumwambia jirani kwamba tumekula chako na hatuna habari nawe. Jambo hili nililijua kabla sijajua kusoma.

Na bado nilisimama jikoni pale nimekodoa macho.

Alikuwa amepanga hivi. Mchele na unga ule ule tuliompa, angeupika mikate na visheti, mikono ikimruhusu, aijaze ndoo, airudishe na heshima yake. Yeye, mpishi wa harusi za watu, angerudishaje ndoo nzima na konzi ya chumvi chini yake? Alikuwa anangoja mafuta. Binti yake alisema atatuma pesa ya mafuta, hajajaliwa bado. Kwa hiyo alikuwa akisema kesho, na kweli alikuwa na maana ya kesho. Huku anakunywa uji mwepesi wa mchele ili vitu visipungue.

Yaani sisi tulimpelekea chakula, na chakula kile kikamshindisha njaa.

Na kesho yake tulikuwa tunamsoma uwanjani.

Sikumbuki vizuri nilimuaga vipi. Nakumbuka nimesimama kichochoroni, punda wa mtu ananipita na mawe ya matumbawe, mwenyewe anapiga kelele niondoke njiani, na mimi siondoki.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Fumo. Mutua alikuwepo, na wengine wawili watatu, wanapanga viti vya uwanjani. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi hapa. Sikumtaja jina, lakini Bwana Fumo alijua, maana aliinuka akaingia ndani kwake na akachelewa kutoka.

Kila mwenyeji pale alikuwa anatafuta pa kuweka macho.

Mutua ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameshika stika zilizobaki, anazikunja kunja.

"Hata kwetu Makueni, kikapu cha kiondo hakirudi kitupu," alisema. "Mama akikosa kila kitu, anaweka hata ndizi moja. Sijui mbona sikufikiria. Nilidhani hii ni ndoo ya ofisi."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu lilikaa wapi. Wote tulijua desturi, yeye kwao na sisi kwetu. Ila tulipobandika stika tukaona kile ni chombo cha kikundi, na chombo cha kikundi hakina adabu za jirani. Waliopokea hawakuona stika. Waliniona mimi, mtoto wa fulani, nimebisha hodi na chombo kina chakula.

Na kuna la pili, ambalo mke wa Bwana Fumo alilisema akiwa nyuma ya pazia la ukumbini, kwa sauti ya mtu aliyechoka na wanaume. Alisema wazee wetu hawakuwa wajinga kutoa kwa kisahani. Mwenye kutoa anachagua chombo ambacho mwenziwe ataweza kukijibu. Ukimpelekea mtu ndoo, umempelekea na mzigo wa ndoo.

Mutua akasema hapo hapo hakuna jina litakalosomwa. Yule sponsor atamweleza yeye mwenyewe.

Sasa tufanye nini na ndoo? Tukaona dawa ni moja, tuwaambie watu wakae nazo, ziwe zawadi. Ndau tutapeleka kwa viroba tuvifunike turubai, Mungu atasaidia. Nikatumwa tena. Nikaenda nimefurahi kama mtu aliyebeba habari ya harusi.

Nikamwambia, Bi Zuhura, ndoo ni yako, kaa nayo, kula chakula chako.

Alinyooka pale alipoketi. Sijawahi kumwona amekasirika, siku hiyo nilimwona.

"Mimi sikuomba ndoo," akasema.

Kisha nikatoka.

Nilifika nyumbani nimenywea. Nikamwambia Nuru, yule mama hataki kurudisha tupu, hataki kukaa nayo, hana cha kuijazia, na hatakula mpaka aijaze. Nimeshindwa.

Nuru akacheka. Wakuu, nilitaka kukasirika, lakini alikuwa anavaa buibui lake huku anacheka. Akasema, nyinyi wanaume mmekwenda pale mara zote kumpa. Kuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba?

Akatoka.

Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye. Alimkuta Bi Zuhura kiwanjani ndani ya nyumba, na kiwanja hicho kina mti wa asumini na kichaka cha rehani, yale majani ya kunukia. Hivyo vyote vilikuwa machoni pangu siku zote nilizokwenda, nikaviona kama ukuta. Nuru hakutaja ndoo. Alimwambia kesho kuna changizo, wanawake wanataka kutunga vikuba vya kuuza pale uwanjani, vile vishada vya maua wanavyojipamba navyo, na asumini mtaani zimeadimika. Mama, naomba zako.

Bi Zuhura akamwambia chuma. Akamwelekeza zipi ziko tayari na zipi ziachwe. Akasema rehani ichumwe na kijiti chake. Halafu akatafuta chombo cha kutilia, na chombo kilichokuwepo kikubwa ni kimoja. Mchele ukamiminwa kwenye debe lake mwenyewe, unga na sukari vikaenda kwenye makopo, na ndoo ikawekwa maua. Hayakuijaza. Yalifunika chini tu, na juu yake rehani. Lakini ilitoka mle ndani haiko tupu, na ilitoka kwa sababu imeombwa.

Kisha Nuru akamwomba na la pili. Alimwambia, mama, nifundishe pilau yako, mimi mikono ninayo. Wakapika wote wawili mchele ule kwa mafuta aliyokuwa amebeba Nuru mfukoni mwa buibui, kichupa kidogo. Bi Zuhura alikaa anaamrisha, ongeza moto, punguza, usikoroge kama saruji. Wakala.

Mke wangu alirudi ananukia pilau na asumini, akaweka ndoo katikati ya chumba, akasema haya, hiyo ndoo yenu.

Siku ile ile wanawake wa kikundi wakajigawa, wakaenda zile nyumba nyingine kuomba. Hawakuomba vikubwa. Huku wameomba ndimu, huku mkaa kidogo, huku ukili wa kushonea mkeka. Ndoo zikaanza kutoka. Hazikutoka zote, wengine hatukuwahi kuwafikia, na nyumba moja ndoo yao kweli ilikuwa imeuzwa na mtoto wa kiume. Tukaisamehe.

Kuna moja ilirudi jioni, tukafungua mfuniko tukaona hamna kitu. Mutua akaangalia ndani, akainamisha kichwa, akanusa. Ilikuwa imefukizwa udi. Mwenyewe hakuwa na chochote nyumbani isipokuwa chembe ya udi, akaiweka kwenye chetezo akaifunika ndoo juu yake. Mutua alirudisha mfuniko polepole kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, akaniambia hii usiioshe.

Hatukuiosha. Ilijazwa mchele ikaenda Ndau, na watu wa Ndau hawana dogo, wakatuma salamu kwamba mwaka huu mchele umekuja kama bibi harusi.

Changizo lilikwenda vizuri. Yule bwana wa Shela alikaa mstari wa mbele na kikuba cha asumini kifuani, hajui kimetoka wapi, na hakuna aliyemwambia. Mutua alisimama akaeleza kazi yetu. Alipofika kwenye ndoo alisema tu kwamba zimefanya kazi, akaendelea na mengine. Niliangalia upande wa wanawake nikamwona Bi Zuhura ameketi, na mbele yake meza ya vikuba. Watu wanakuja kununua, yeye anawachagulia.

Tulipokwenda kumshukuru akaniambia maneno machache. "Mwakani nileteeni kwa kibakuli. Hata kama ni mara nyingi, kwa kibakuli."

Basi ndivyo tunavyofanya siku hizi, na hatungoji mwaka. Ndoo zimebaki za boti ya Ndau, ambako tunamimina pale pale ufukweni na kurudi nazo. Hapa mtaani kila familia ya kikundi ina nyumba yake moja au mbili, inapeleka kidogo kidogo, kwa chombo cha nyumbani kwake, bila stika. Wapo wanaolalamika kwamba ni kazi nyingi na haionekani kwenye picha. Ni kweli, ni kazi nyingi na haionekani.

Nilichojifunza mimi ni kwamba kutoa ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kumwachia mwenzio njia ya kukujibu. Ukiifunga hiyo njia, hata kwa nia njema, umemfanya awe shimo la kutupia wema wako, na hakuna binadamu anayetaka kuwa shimo.

Nilidhani uzi wangu utaishia hapo. Lakini kuna la juzi.

Ijumaa nilirudi kazini nikakuta kibakuli mezani kimefunikwa kitambaa. Nikamwambia Nuru, mbona bado hujampelekea Bi Zuhura? Akasema hicho si chetu. Ni cha Bi Zuhura. Sisi wiki hii hatujapeleka kitu.

Nikafunua. Visheti, sukari imekauka vizuri juu, vingine vimepinda pinda kwa ajili ya vile vidole. Safari hii yeye ndiye aliyeanza.

Tukavila na chai. Nuru akakiosha kibakuli, akakifuta, akakirudisha juu ya meza. Tukawa tunakitazama wote wawili. Mwezi huu kazi zimekuwa haba, wakuu, na humu ndani mna unga wa ugali, majani ya chai, na friji langu mwenyewe nisingependa fundi mwingine alifungue.

Nuru akaniuliza, "Tukitie nini?"

Nimejisikia vibaya kidogo, na nimejisikia vizuri sana, vyote kwa pamoja. Kibakuli kiko pale mezani mpaka sasa ninavyoandika, na kila Bi Zuhura akikutana nami njiani namwambia kesho.

Haya, nimewaachia. Nyinyi mngekirudisha na nini? Na huko kwenu, Tanga, Makueni, Kigoma, popote ulipo, chombo cha jirani kinarudi vipi? Andikeni kabla chaji haijaisha, na mafundi wa friji wenzangu mlioko humu, hebu toeni ushuhuda.